Jumamosi Tuliyokaa Kungoja Kuombwa

Mimi shule niliishia darasa la nne, Morogoro, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Lakini kufua nilijua. Kufua ndiko kulikonifundisha watu wa Johannesburg kabla sijajua hata kuvuka barabara kwenye robot, zile taa zao za barabarani.

Mume wangu alikuwa mtu wa huku Afrika Kusini aliyekimbilia kwetu na wenzake miaka ya mapambano. Alinioa Morogoro, tukazaa mtoto mmoja wa kiume. Ruhusa ya kurudi kwao ilipotoka, yeye akarudi na mimi nikaenda. Tulipanga chumba Hillbrow, kwenye ghorofa refu ambalo lifti yake ilifanya kazi ikijisikia. Kazi niliyopata ni kufulia wapangaji. Juu kabisa, kwenye paa, palikuwa na mabeseni ya saruji na kamba za kuanikia, na upepo wa kule juu ulikuwa unaweza kukuibia shuka ukalikuta mtaa wa pili.

Nguo hazina siri. Nilijua nani amelewa jana, nani amegombana na mkewe, nani damu yake ya mwezi haijaja na bado hajamwambia mtu. Kwa hiyo waliponiletea kapu lao wale wanaume wawili wa ghorofa ya sita, sikukawia kuelewa. Mmoja alikuwa mwalimu, mrefu, mpole, mwenye kola safi hata kabla sijaifua. Mwenzake alikuwa anauza viatu mjini na mdomo wake haukupumzika. Kila wiki shuka za kitanda kimoja. Foronya mbili. Wiki ya tatu nikauliza, maana mimi neno halikai mdomoni.

"Za kitanda cha pili mnafua wenyewe?"

Muuza viatu akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama, kitanda cha pili ni cha wageni, na wageni hawaji."

Nilishtuka, sitasema uongo. Nilitoka Morogoro na kichwa cha Morogoro. Jioni nikamwambia mume wangu, akaendelea kula. Akasema, "Wanalipa? Wanakusalimu? Basi waache watu na kitanda chao." Nikawaacha. Baadaye sikuwaacha tena, nikawapenda. Mwalimu ndiye aliyenijazia fomu za shule za mwanangu, na akanifundisha kuweka sahihi yangu ili nisiendelee kubonyeza dole gumba kwenye wino kama mfungwa.

Hillbrow ya wakati ule ilijaa watu kama wao. Walitoka vijijini, walitoka Soweto, walitoka kila mahali walikokuwa wakitazamwa vibaya, wakaja kujibanza kwenye maghorofa yetu ambako hakuna aliyemjua baba yako. Kulikuwa na saluni ambayo wasusi wote walikuwa wanaume na wote walitembea kwa madaha kuliko mimi. Kulikuwa na baa ambazo mchana zilionekana zimekufa. Na siku moja nikiwa juu ya paa nikaona maandamano yao yanapita chini, na mvua inawanyeshea. Hawakuwa wengi. Wengine walifunika nyuso zao wasije wakafukuzwa kazi. Muuza viatu alikuwa mbele, uso wazi, anapunga mkono kuelekea juu kwangu kama bwana harusi. Mwalimu alibaki nyumbani na pazia amefunga. Nilipunga shuka lililolowa mpaka bega likauma.

Halafu ukaja ugonjwa ule, miaka ambayo dawa hazijafika kwa watu wa kawaida. Mwalimu alikonda mbele ya macho yangu. Niliona kwanza kwenye mashati. Muuza viatu alimwosha, alimlisha, alimbeba kumpeleka chooni. Mwalimu akafa siku ya Jumatano. Alhamisi kaka zake wakafika kutoka kijijini, watu ambao hatukuwahi kuwaona. Wakachukua mwili. Wakachukua kitanda, redio, na vitabu. Wakapanda mpaka juu kwenye paa na kuniambia niwape na shuka. Nikawaambia hazijakauka. Wakasema hivyo hivyo. Nikawapa mbichi, maji yanatiririka kwenye ngazi.

Tulikwenda mazikoni, mimi na muuza viatu. Walitukalisha benchi la mwisho. Mzee mmoja akapita akiuliza kila mtu, wewe ni nani kwa marehemu, ili aandike. Binamu, jirani, mwalimu mwenzake. Akamfikia yule mtu aliyemwosha mwenzake kwa miezi saba, na mdomo wake ule usiopumzika ukapumzika. Akasema, "Mpangaji." Mzee akaandika mpangaji.

Miaka mingi baadaye sheria ikatoka kwamba mwanaume na mwanaume, mwanamke na mwanamke, wanaweza kufunga ndoa serikalini. Nilisikia redioni nikiwa napiga pasi. Muuza viatu alishahamia kwao pwani na sikujua tena habari zake. Nikasema peke yangu jikoni, wamechelewa hawa. Nikaendelea na pasi.

Wakati huo tulikuwa tumeshahama Hillbrow, tukahamia Troyeville, kwenye nyumba ndogo ya bati jekundu ambamo bado naishi. Mume wangu amefariki. Mwanangu naye amefariki, akaniachia binti wa miaka miwili, na mama yake akaolewa kwingine. Huyo binti nimemlea mimi. Nimemlea vizuri, nasema mwenyewe kwa sababu nikingoja wengine waseme nitazeeka zaidi. Leo anaendesha basi la jiji. Basi zima, lile refu, na anakunja kona za mjini kama anakunja kitambaa. Kiswahili anakielewa chote ila akijibu anajibu Kiingereza, au Kizulu, na akitaka kitu ndipo anakumbuka kusema "Bibi wangu mzuri."

Siku aliyoniambia alikuwa anamenya vitunguu, nadhani alivichagua kusudi. Aliniambia kwamba yule fundi bomba aliyekuja kutengeneza tangi letu la maji moto, yule msichana wa Diepsloot, kaskazini mwa jiji, mwenye buti, si rafiki tu. Wanataka kuoana.

Sikumjibu siku tatu. Nasimulia hili nikijua litamfikia. Siku tatu nilimpakulia chakula na sikusema kitu. Sikuwa na hasira. Nilikuwa na hofu. Huku wasichana wa namna hiyo wameuawa, mitaani, na watu waliokuwa wanawajua kwa majina. Na zaidi ya hofu, nilikuwa nalisikia lile neno, mpangaji. Siku ya nne nikamwuliza, "Wazee wake wanajua?"

"Wanajua, Bibi."

"Watakuja kuomba?"

Akaacha kijiko. "Ndicho ninachotaka. Bila wazee kukutana mimi sifungi hiyo ndoa. Sitaki karatasi tu. Nataka watu wajue mimi ni nani kwake."

Hapo nikajua ni wangu kweli. Nikamwambia, basi utaombwa. Utaombwa mchana, langoni, kwa sauti, mtaa wote usikie.

Tatizo lilikuwa mzee wa kusimamia. Kwa ukoo wa mume wangu mwanamke hakai mbele kwenye mambo ya mahari. Anakaa pembeni na kusikiliza. Aliyebaki ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mzee wa kofia na fimbo, ambaye hadi leo ananiita makoti, yaani bibi harusi, ingawa meno yangu ya juu nayavua usiku. Nilijitayarisha kwa maneno makali. Nikampikia ugali na matumbo kwanza. Nilipomaliza kueleza, akachokonoa meno kwa muda.

"Makoti," akasema, "baba yetu alifanya kazi mgodini. Unajua kompaundi zile wanaume walilala maelfu, wake zao wako mbali. Alituambia kulikuwa na wanaume walioana humo humo. Kwa zawadi, kwa karamu, wenzao wakicheza ngoma. Yeye mwenyewe alikula nyama ya harusi ya namna hiyo, na alisema ilikuwa na chumvi nyingi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini? Nitavaa koti langu la kijivu. Jumamosi gani?"

Wasichana wenyewe ndio waliopanga Jumamosi. Na hapa ndipo kosa lilipoingia, nalo lilikuwa kosa la watu wenye adabu. Kwetu sote, wao na sisi, anayeombwa haingilii. Siku ile anafungiwa chumba cha ndani mpaka aitwe. Wazee hawapigiani simu kabla, maana kumpigia anayekuja kukuomba ni kama kumwambia umechoka na binti yako. Unapika, unafagia, unakaa. Wanafika, wanapaza sauti langoni, unawaacha wakauke kidogo kwenye jua, ndipo unafungua. Wasichana wakasema Jumamosi, saa nne asubuhi, na sisi wakubwa hatukuuliza zaidi.

Alfajiri nikamnyang'anya mjukuu wangu simu. Akalia kidogo, akanipa. Nikamfunga kanga mbili, nikamkalisha chumbani. Jirani yangu Mkongo, mama mmoja msusi kutoka Bukavu, akaja kunisaidia kupika. Pilau sufuria kubwa, kuku, kachumbari, samosa. Huyo jirani mikono yake ina kasi na ulimi wake pia.

"Mama, nikuulize kitu," akasema huku anakata nyanya. "Ule wa buti, ni bwana ao ni muke?"

"Ni fundi bomba."

"Sawa. Lakini pale kanisani kwetu watasema mambo mingi."

"Na bomba lao likipasuka watamwita nani?"

Akacheka, akaniambia chumvi haitoshi. Alisema kweli.

Saa nne ikafika. Shemeji kwenye kiti cha mikono, koti la kijivu, fimbo katikati ya magoti. Saa tano. Nikatoka kufagia tena uwanja uliokwisha kufagiwa. Saa sita kuku akaanza kukauka. Shemeji akasema foleni ya barabara ya kaskazini ni mbaya. Saa saba akasema labda gari limeharibika. Saa nane akavua kofia, akaiweka gotini, na hilo lilinitisha zaidi. Jirani akasema lile ambalo sisi tulikuwa tunalimeza: "Eish, Mama. Pengine wamekataa. Pengine hawataki watu wa kigeni."

Kutoka chumbani nikasikia kilio. Si kilio cha kutaka kusikika. Cha kuuma mto. Nikaingia. Mjukuu wangu, mtu anayeendesha basi la tani sijui ngapi, alikuwa amejikunja kama mtoto aliyeachwa shuleni.

"Hawajaja, Bibi. Wajomba zake wamemgeuza."

Nikampa simu. Akapiga. Ya mwenzake imezimwa. Akapiga tena, imezimwa. Akaniangalia kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena.

Basi mimi nikapandwa na hasira. Damu ilinipanda kutoka kisiginoni. Nikamwambia shemeji, "Washa gari."

"Twende wapi?"

"Diepsloot. Nataka kuwaona hao wasiokuwa na adabu."

"Makoti, anayeombwa haendi."

"Siendi kuomba. Naenda kugombana."

Nilimwachia jirani binti na sufuria, nikajifunga kanga kiunoni, tukaondoka na bakki ya shemeji, pikapu yake ya zamani ambayo mlango wa upande wangu unafungwa kwa waya. Njia nzima nilikuwa napanga matusi. Nilipanga ya kuanzia na ya kumalizia. Nyumba tuliijua, msichana alishatuonyesha kwenye simu, ya matofali, lango la bluu, duka la Msomali mkabala. Tukasimama mbele yake saa tisa na nusu. Shemeji akashuka polepole, akavaa kofia yake, akasimama na fimbo. Mimi nikasimama kando yake nikafungua mdomo.

Sasa, Kizulu changu ni Kizulu cha kufulia. Najua sabuni, maji, kesho, njoo uchukue. Hakifai kutukania. Kwa hiyo nilitukana kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu ya paa la Hillbrow. "Nyie watu mmekulia wapi? Mnamliza mtoto wa watu! Tumekaa tangu saa nne, kuku amekuwa ubao! Mimi si mtu wa kuchezewa! Mimi ni mke wa mtu aliyevuka mipaka mitatu kwa miguu! Mwanangu amelala kaburini, huyu ndiye niliyebakiwa naye, na nyinyi mnamtupa kama ganda la ndizi! Tokeni nje niwaone sura!"

Nikavuta pumzi niendelee. Ndani ya nyumba kukapigwa vigelegele.

Vigelegele, jamani. Virefu, vya wanawake wengi. Pazia likafunuka, watoto wakachungulia, mtu akapiga kelele kwa Kizulu, na hiyo nilielewa: "Wamefika! Wamefika!" Msomali akatoka dukani kutazama. Bibi mmoja wa jirani akaanza kucheza barabarani na mfuko wa mkate mkononi.

Nikamgeukia shemeji. Alikuwa ameshaelewa, na alikuwa anajizuia kucheka kwa kuuma midomo.

"Makoti," akasema chini chini, "mzee na fimbo, mwanamke kando yake, langoni, mnapaza sauti. Wanadhani ulikuwa unataja sifa za ukoo wenu wa Tanzania."

"Mimi? Nilikuwa nawatukana!"

"Na umetukana vizuri. Wamependa." Kisha uso wake ukawa mzito. "Hawa hawakukataa. Hawa wametungoja sisi. Tangu asubuhi."

Nikasikia harufu ya nyama iliyopikwa ikakaa sana. Nikaelewa kwamba humo ndani mna msichana mwingine aliyefungwa blanketi, simu imezimwa, anauma mto.

Sitajifanya mtu mwema. Wazo langu la kwanza lilikuwa kuondoka. Mjukuu wangu aombwe, ndivyo nilivyoahidi, na sasa nimesimama mimi langoni kwa watu kama mwenye shida. Bibi gani anaomba wakati binti ni wake? Nikamwambia shemeji tuondoke, tupige simu, tueleze, waje wao.

"Ukiondoka sasa," akasema, "umeondoka na harusi. Mtaa mzima umekuona umefika. Watasema waoaji walifika langoni, wakamwangalia binti, wakageuza. Hilo halifutiki."

Jua lilikuwa linanipiga utosini. Nilimfikiria yule niliyemwacha kwenye kanga mbili. Nikafungua kanga kiunoni, nikaitupia begani kistaarabu. Nikasema, "Endelea."

Akavua kofia, akaanza sifa za ukoo wa mume wangu, za kweli sasa, babu kwa babu. Na wao, kama ilivyo haki yao, wakatuacha. Dakika thelathini tulisimama. Asiyefunguliwa haketi. Mbwa akaja akanusa miguu yangu, akaenda zake. Niliwachukia na kuwaheshimu kwa pamoja, maana mimi ningewaacha dakika arobaini.

Walipofungua, wakatukalisha chini, kwenye mkeka, na wazee wao wanaume watatu juu kwenye viti. Bibi wa nyumba alikaa kando, mwembamba, ameketi wima kama pasi imempitia, na macho yake yalinikagua kuanzia kanga hadi viatu. Mzee wao akauliza tumekuja kutafuta nini. Shemeji akasema tumekuja kuomba undugu. Mambo ya ng'ombe wakasema yatakuja wakati wake. Wakamwita binti atoke.

Akatoka, fundi bomba, blanketi kichwani, buti hana, macho yamevimba. Mzee akamwuliza, "Unawajua watu hawa?"

"Nawajua," akasema kwa furaha. Kisha akatazama huku na huku. "Yeye yuko wapi? Kwa nini hakuja nanyi?"

Mimi nikajibu kabla sijafikiri. "Atakujaje? Nimemfungia chumbani tangu alfajiri."

Bibi mwembamba akainama mbele. "Umemfungia? Anayeoa hafungiwi chumbani."

"Haoi," nikasema. "Anaolewa."

"Anaolewa na nani?"

"Na huyu wako."

"Huyu wangu ndiye anayeolewa!"

Wazee wa kiume wakaanza kunong'ona kwamba wamechezewa. Shemeji akatazama kofia yake. Lakini sisi wawili tulikuwa tumeshaanza, mimi nikichanganya Kizulu changu na Kiingereza cha kuokoteza, na hakuna aliyeweza kutuzuia. Nikamwambia wake anavaa buti. Akasema buti ni za kazi, je, wangu si anavaa tai? Nikasema tai ni sare ya mabasi. Akasema wake hajui hata kuendesha gari, anaendeshwa na wangu kila mahali, sasa nani mume hapo? Nikasema wangu anaogopa panya. Akasema wake anaogopa radi. Nikasema wangu anapika. Hapo akacheka kwa dharau. "Anapika? Nimekula supu yake. Huyo ni mume."

Na kweli, supu yake siwezi kuitetea.

"Gogo," msichana akasema kutoka chini ya blanketi, akimwita bibi yake, kisha akanigeukia, "Bibi. Hakuna mume. Mimi ni bibi harusi na yeye ni bibi harusi. Tuliwaambia."

"Mlituambia lini?" tukasema sote wawili.

"Kila siku, tangu Januari!"

Ni kweli walituambia. Nilisikia kwa masikio, nikaitikia, nikaenda zangu kupanga kuombwa. Na yule mwenzangu alifanya hivyo hivyo. Bibi mwembamba akanitazama, akaona ninachokiona, na akaanza kucheka. Hakucheka kwa sauti. Mabega tu yalitikisika. Akateremka kwenye kiti chake, kwa shida ya magoti, akaja kuketi kwenye mkeka karibu nami. Mzee wao mmoja akamwambia, dada, huko siko kwako. Akamjibu asimfundishe kukaa.

"Mama," akaniambia, "pale langoni ulisema nini? Ilikuwa nzuri sana. Nilikaribia kulia."

Nikamwambia. Kwa Kizulu cha kufulia na mikono, neno kwa neno, mpaka kwenye ganda la ndizi. Shemeji alijifunika uso. Bibi mwembamba alicheka sasa kwa sauti, na akasema alistahili kutukanwa, maana tangu asubuhi yeye naye alikuwa ananitukana humo ndani, na yeye ana maneno mengi kuliko mimi.

Tukakubaliana hapo hapo mkekani, wanaume wakisikiliza. Nimeomba, na yeye amekubali, wake amepatikana. Wangu bado hajaombwa. Jumamosi ijayo atakuja yeye, na wazee wake, na fimbo zao, na watasimama langoni kwangu. Msichana akaomba simu yake apewe. Akaingia nayo chumbani, tukasikia anacheka na kulia na kucheka. Tukala nyama yao iliyopikwa mara mbili. Ilikuwa ngumu na nilikula yote.

Wiki ile nzima nilitamba. Nilimwambia jirani, nitawaacha saa nzima. Nitakaa nyuma ya pazia na chai yangu, niwasikilize wakikauka.

Wakafika saa moja asubuhi. Hawakutaka kuchelewa tena. Mimi nilikuwa na gauni la kulalia, kichwa nimefunga soksi, pilau bado mchele mtupu. Ghafla mtaa ukajaa sauti za wanaume wakitaja babu zao, na juu yake sauti moja nyembamba, kali, ya mwanamke ambaye hakupaswa kuwa anasema chochote. Troyeville yote ilitoka. Wareno wazee wa nyumba ya kona wakatoka na vikombe vyao. Wanafunzi wa ghorofani wakaning'inia dirishani wakipiga miluzi. Jirani yangu Mkongo akaruka ukuta wake akiwa na nywele nusu zimesukwa, akapiga vigelegele vya Bukavu, na wa Diepsloot wakavijibu.

Niliwaacha, ndiyo. Niliwaacha kwa sababu nilikuwa natafuta meno yangu. Mjukuu wangu alikuwa chumbani anagonga mlango, "Bibi, fungua, wamesimama!" nami namwambia nyamaza, hujaulizwa, huku nimevaa kiatu kimoja.

Mwisho wakaingia, wakaketi mkekani. Shemeji kwenye kiti, koti la kijivu, amejipanga kuwasumbua. Alishaniambia maswali yake yote, alikuwa nayo tisa. Mjukuu wangu akatolewa, kanga mbili, akasimama katikati ya sebule na miguu mitupu, na mlangoni na madirishani watu wamejaa. Akaulizwa kama anawajua watu hawa. Akasema kwa Kiswahili, ambacho hakisemi mbele za watu, "Nawajua. Ni watu wangu."

Bibi mwembamba akapiga magoti, polepole, mkono kwenye sakafu. Akasema, "Tumekuja kuomba undugu. Tunamwomba binti yenu."

Shemeji akakohoa, akainua fimbo yake aanze na swali la kwanza.

"Ndiyo," nikasema.

Wanaume wa pande zote mbili wakanigeukia. Shemeji akaishusha fimbo taratibu kama mtu aliyenyang'anywa chakula. "Makoti," akasema, "bado sijauliza."

"Uliza basi," nikamwambia. "Jibu ni ndiyo."